Ukikuta Maziwa Yanasukwa, Keti

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka, hata leo na mvi hizi, masikio yananiwaka. Ilikuwa asubuhi kwenye daraja la Rusizi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, enzi nilipokuwa nikivuka kila siku kwenda Bukavu na kurudi na mizigo ya watu. Unajua pale panavyokuwa asubuhi. Mama mwenye nyanya yuko nyuma ya mama mwenye samaki, kijana mwenye magodoro nyuma ya mzee mwenye mbuzi, na wote wanakwenda mfululizo, hakuna anayesimama. Nilipofika mbele, mwenye kuangalia karatasi akaniuliza jina langu.

Naitwa Faustin. Ni jina dogo, halina miiba. Lakini asubuhi ile lilinasa kooni, nikabaki nimefumba macho, taya linatetemeka, na nyuma yangu watu wote wa daraja wakasimama. Mama mmoja wa kabila la Bashi, wenyeji wa Bukavu, aliyejitwika beseni la mihogo akaona soko linampita. Akanisogelea akaniambia kwa upole kabisa, "Papa, kama jina yako inakatala, beba yangu kwanza. Mi njo Nabintu."

Watu walicheka, mwenye karatasi naye akacheka, nami nikacheka nao, maana ukichekwa na umati ni afadhali uwasaidie. Lakini niliporudi nyumbani sikula.

Nilikuwa na kigugumizi, mwanangu. Nasema nilikuwa, ila ninacho mpaka leo. Tumezoeana tu, kama mume na mke waliochoka kugombana. Wakati ule hatukuwa tumezoeana. Nikipanda pikipiki pale stendi ya Kamembe, mara nyingi nilipitishwa kwetu kwa sababu neno la kumsimamisha dereva lilikuwa halijatoka. Nilishushwa huko mbele, karibu na uwanja wa ndege, nikarudi kwa miguu kama mtu aliyekwenda kutazama ndege. Sokoni nilinunua kile ambacho jina lake lilikuwa jepesi siku hiyo, hata kama nilitumwa kingine. Tulikula maharage mengi nyumbani kwa sababu hiyo.

Aliyenitesa kuliko wote ni mtu aliyenipenda sana, baba mdogo Anastazi, mdogo wake marehemu baba yangu. Alikuwa mzee wa kanisa na fundi wa maneno, na hakuweza kumwona mtu anateseka na neno asimsaidie. Nikianza kusema nataka ku-, yeye anadaka: kula? kulala? kuvuka? Kwa uchovu nilikubali lolote alilolitaja. Nimewahi kulala mchana bila usingizi wowote, kwa ajili ya huruma ya baba mdogo.

Kijana wangu wa mwisho ni mtu wa rap. Juzi alinieleza neno la Kiingereza wanalolipenda wanamuziki wao, flo. Anasema mtu mwenye flo ni yule ambaye maneno yake yanakwenda bila kukatika. Nikamuuliza kama ni la muziki tu. Akasema hapana, kwa Kiingereza ni hilo hilo kwa maji kwenye mfereji, kwa damu mwilini, kwa magari barabarani, kwa watu wanaovuka mpaka, na hata kwa fundi aliyezama katika kazi yake mpaka akasahau chakula. Nikamwambia kwamba hilo nalijua tangu ujana wangu. Nilifundishwa na shangazi yangu Bernadeta wa Muganza, na yeye hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Kijana akanitazama kwa heshima ile ya kumvumilia mzee. Basi keti, mwanangu, nikusimulie wewe nilichomsimulia yeye.

Dada yangu Vumilia alipata mchumba. Sisi ni Wanyarwanda tuliozaliwa na kulelewa upande wa Kongo, na wakati ule tulikuwa tumerudi si zamani sana. Kinyarwanda chetu kilikuwa kinachechemea, kimeegemea Kiswahili mguu huu na Kifaransa mguu ule. Watu waliotuposa walikuwa wakulima wa mpunga wa Muganza, ambao Kinyarwanda kilizaliwa kwao na hakijawahi kusafiri.

Na posa zetu unazijua. Pande mbili zinakaa uani zikitazamana, kila upande na msemaji wake, na ulimi ukiteleza kidogo tu upande wa pili wanadaka, wanakutoza pombe na kicheko. Mwishoni wenye binti wanamtuma mchungaji wao nje akawaone ng'ombe walioletwa. Anatoka na fimbo. Akirudi anasimama katikati, anawasifu ng'ombe hao kwa mashairi ya kale, maneno yakifuatana bila mwanya, na kumalizia kwa kujitaja yeye na baba yake kuwa mashahidi. Kabla mtu huyo hajashuhudia, ng'ombe hawajapokelewa. Na ng'ombe wasipopokelewa, binti hajatolewa.

Baba yangu alikuwa msifu ng'ombe wa namna hiyo. Nyumbani alikuwa mtu mkimya, sisi watoto tulimwogopa kwa ukimya wake. Lakini mpe fimbo na ng'ombe wa kuwatazama, alitiririka mpaka wageni wakasahau vikombe mikononi. Mungu alimchukua kabla hatujarudi. Mashairi yake niliyashika tangu utoto, kichwani yalikuwa yote. Njia ya kutokea ndiyo iliyokuwa imeziba.

Baba mdogo Anastazi alikwisha kumpata mtu wa Kamembe, msifu wa kukodi, mwenye mikrofoni yake mwenyewe na koti linalong'aa. Vumilia akakataa. Alisema mbele ya familia nzima, bila kupandisha sauti: "Miye sitatolewa na kinywa ya muntu mwenye sijui. Ngombe zangu zitasemwa na Faustin, mutoto ya baba yangu. Kama hapana yeye, mutaita jina yangu mpaka muchoke, mi sitatoka mu nyumba."

Nilimtazama nikadhani ananichukia. Baba mdogo alijaribu kumwonyesha hatari. Alimkumbusha kwamba chururu si ndo ndo ndo, na alipofika kwenye ndo ndo ndo akanitupia jicho mimi. Vumilia hakutetereka. Basi wakapatana hivi: mimi niende Muganza kwa shangazi Bernadeta, nijifunze. Kabla ya wiki ya sherehe baba mdogo angekuja kunisikia mwenyewe. Akinikuta vile vile, mwenye mikrofoni atasema, na Vumilia afanye alivyoapa. Na Vumilia akiapa, mwanangu, anatimiza. Nilipanda gari la kwenda Muganza nikijua kwamba ndoa ya dada yangu imewekwa juu ya ulimi wangu, ulimi ambao haukuweza kununua vitunguu.

Shangazi Bernadeta alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, anakaa kwenye kilima juu ya mashamba ya mpunga. Chini kule malori ya saruji yalipita mchana kutwa. Alikuwa na ng'ombe wachache na kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa, gisabo, cheusi kwa umri, kinachong'aa kwa mikono ya wanawake waliokishika kabla yake. Kila asubuhi alikaa chini kwenye mkeka, akakiweka mapajani, akaanza kukipeleka na kukirudisha. Sauti yake ndiyo ilikuwa saa yetu.

Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba kwenye migomba, nikafanya kosa ambalo ni la watu wetu hasa. Mtu akisikia sifa za ng'ombe anasikia kasi. Yule anayesifu havuti pumzi, hapepesi jicho, mstari unapanda mgongoni mwa mstari. Nikawaza kwamba dawa yangu ni mbio. Nikikimbia vya kutosha nitaliruka neno gumu, lile jiwe langu, kabla halijaniona. Basi kila siku nilikuwa nikijitupa kwenye mashairi ya baba kama mtu anayekimbizwa na nyuki, na kila siku nilianguka pale pale, nikainuka na kukimbia zaidi. Haraka haraka haina baraka, kila mtoto wa shule anaijua hiyo, na mimi niliijua. Kujua methali na kuitii ni safari mbili.

Shangazi alinisikiliza siku kadhaa. Kisha asubuhi moja akaniita.

"Faustin, maneno yako iko nakimbia, na weye uko nafwata nyuma na kilio. Nani anakufukuza?"

Nikataka kumjibu kwamba hakuna. Neno likanasa. Na hapo, mwanangu, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa mtu yeyote. Shangazi alingoja. Hakunidakia, hakutazama pembeni kwa kunionea haya, hakutikisa kichwa kunihimiza. Aliendelea kusuka maziwa yake na kunitazama, kama mtu mwenye asubuhi nzima, mpaka neno likatoka lote na mkia wake.

Akanipa gisabo. Nikashtuka, maana kwetu hiyo ni kazi ya wanawake, na mwanamume akionekana anasuka maziwa atapewa jina la utani mpaka kaburini. Nilimwambia, kwa taabu, kwamba watu watanicheka. Akasema kuwa tayari wananicheka, kwa hiyo sitapoteza kitu.

Ukitazama mtu anasuka unadhani ni mchezo. Nilianza kwa nguvu za ujana, nikakitikisa kibuyu kama ninayekidai deni. Akanizuia. Ukiyakimbiza, maziwa yanatoa povu na kupata joto, siagi inatoka laini, imetawanyika, haishikani. Ukisimama simama, kazi yote inarudi nyuma. Kinachotakiwa ni mwendo mmoja, usio wa haraka wala wa uvivu, na usikatike.

"Mafuta haijuake mbio," aliniambia. "Na haijuake kusimama-simama. Peleka, rudisha. Na ile maneno ya ngombe, sema hapa hapa, ifwate mukono."

Nikasema mashairi juu ya gisabo. Mstari unakwenda na kibuyu, mstari unarudi nacho. Ilikuwa polepole mno kwa masikio yangu, niliona haya kwa ajili ya ng'ombe wenyewe. Nilipofika penye jiwe langu, koo likafunga kama kawaida, na mkono ukataka kusimama ukalisaidie koo. Shangazi akaushika mkono wangu na kuusukuma. Akasema neno ambalo nimeishi nalo tangu siku hiyo: "Neno ikinasa, wachana nayo. Weye peleka mukono. Itakukuta mu njia."

Na lilinikuta, mwanangu. Si siku ile, wala ya pili yake. Nilikaa pale mpaka nikajua kwa sauti tu kama maziwa yako mwanzoni au mwishoni. Kabla siagi haijashikana hutokea jambo la ajabu kidogo. Maziwa yaliyokuwa yakipiga kelele yananyamaza, gisabo kinakuwa kizito mapajani, na asiyejua anadhani kazi imeharibika. Wengi huacha hapo. Shangazi alisema ndipo penye siagi hapo, kwenye ule uzito. Nilipokwama kwenye neno nikaanza kulitambua kuwa ni uzito huo huo. Mkono unakwenda, pumzi inakwenda, na neno linakuja kwa wakati wake. Mambo mengine ya maisha yangu nimeyasahau, lakini furaha ya mstari wa kwanza uliopita bila kukatika naikumbuka hata harufu yake, harufu ya maziwa mgando na moshi.

Siku moja nilikosea shairi, akanisahihisha kwa neno lile lile la baba. Nikashangaa. Wanawake wetu hawasifu ng'ombe mbele za watu. Nikamuuliza ameyajulia wapi yote hayo.

"Baba yako alijifunziaka hapa, kabla avuke Kongo," akasema. "Miye nasuka, yeye nasema. Unazani alikuwa mukimya juu ya kiburi? Alikuwa nayo hii kitu. Sawa na weye."

Mkono wangu ukasimama. Baba. Ule ukimya tuliouogopa, tukatembea kwa ncha za vidole tusiuguse, kumbe ulikuwa huu wangu. Alikufa bila kuniambia, na mimi nikakua nikijiona kama mtoto wa kuokotwa kati ya watu wenye ndimi nyepesi. Machozi yakanitoka, ya furaha na ya hasira pamoja, sikujua ni yapi ni yapi.

Shangazi akanipiga kofi begani. "Nilikuambia usimame?"

Nikaendelea kusuka. Siagi ya siku ile ilikuwa nzuri kuliko zote.

Sasa, nyumbani kwa shangazi palikuwa na sheria ya wazee wetu, na yeye aliishika kuliko wengi walivyoishika Jumapili. Ukikuta maziwa yanasukwa, keti. Huulizi habari, hupeani mikono, huagi, huondoki, mpaka siagi itoke. Wazee walisema kwamba mgeni akiondoka katikati ameondoka na siagi. Majirani walichungulia kwanza kabla ya kubisha hodi, kwa sababu mtu aliweza kuja kuomba chumvi akamalizia asubuhi yake kwenye mkeka.

Baba mdogo Anastazi hakuchungulia. Alikuja asubuhi kwa pikipiki, amechelewa mahali kama kawaida yake, akaingia akianza kusema kwamba ana haraka, kwamba yule mwenye mikrofoni anataka jibu leo. Kisha akaona gisabo. Mzee wa kanisa yule alikuwa akizisema mila hizi kuwa za giza, lakini alimwogopa dada yake mkubwa kuliko giza na mwanga vikichanganywa pamoja. Shangazi alimwonyesha mkeka kwa mdomo tu. Akaketi. Dereva wa pikipiki, kijana wa mjini, aliingia kudai nauli yake. Akaona mzee mwenye koti na tai ameketi chini kimya, akavua kofia yake ya chuma na yeye akaketi.

Na aliyekuwa anasuka ni mimi, mwanangu, mgongo wangu ukiwa mlangoni.

Nilisikia sauti ya baba mdogo. Mkono ulikuwa tayari njiani, ukaendelea. Shangazi akaniambia kwa sauti ndogo nisiwanyime ng'ombe chakula chao. Nikaanza mashairi. Yalikuwa ya Kinyarwanda, siwezi kukupa utamu wake kwa Kiswahili, lakini yalikwenda hivi: huyu ameshuka mlima hakuuliza njia, ndama wake wanamjua kwa mlio wa kwato, akinywa mto unasogea kumpisha. Mstari ukaenda, mstari ukarudi. Nikafika kwenye jiwe, na jiwe likawepo, halikuwa limehama. Nikanyamaza. Mkono unakwenda.

Nyuma yangu nikamsikia baba mdogo akivuta pumzi. Niliijua pumzi ile tangu utoto. Ndiyo aliyoivuta kila mara kabla ya kunimalizia. Neno alilijua, lilikuwa mdomoni mwake tayari. Lakini sheria ya nyumba ilimbana. Akalimeza. Nadhani lilikuwa neno la kwanza kumezwa na Anastazi maishani mwake, na nilisikia lilivyoteremka. Kisha langu likaja, lenyewe, likanikuta njiani, na shairi likaendelea mpaka gisabo kikawa kizito na shangazi akasema basi.

Alikifungua, akatoa siagi, akawamiminia wageni maziwa yaliyobaki. Dereva alikunywa mara mbili na hakukumbuka nauli mpaka alipofika nje. Baba mdogo alimaliza kikombe chake. Nilingoja aniambie jambo, na aliposema hakuniangalia.

"Yule wa mikrofoni," akasema, "nitamwambia akuye kula tu."

Siku ya sherehe uani kwetu Kamembe palijaa. Wenzetu wa Muganza walikuja na msemaji mzee, mwembamba, mwenye kofia pana, ambaye sifa yake ilimtangulia: neno likidondoka kwenu yeye ameliokota kabla halijagusa ardhi. Alimtoza msemaji wetu mara nyingi, na wote tulicheka, maana hiyo ni sehemu ya raha. Vumilia alikuwa ndani, amepambwa, anangoja kuitwa. Mimi nilikuwa nimesimama na fimbo ya baba, mgongo umelowa jasho.

Wakanituma. Ng'ombe walikuwa nyuma ya nyumba, wanakula maua ya jirani. Niliwatazama mmoja mmoja, na kusema kweli walikuwa wazuri, sikuhitaji kusema uongo. Nikarudi katikati ya ua, nikaanza kwa mwendo wa shangazi. Nilisikia minong'ono kwamba kijana huyu anakwenda polepole. Kisha minong'ono ikaisha. Fimbo yangu ilikuwa inakwenda na kurudi pembeni ya mguu, na maneno yanaifuata, na nikaona wazee wa Muganza wameanza kuinamisha vichwa kwenye kila mwisho wa mstari, kama wanavyofanya wakimsikia mtu wa kwao.

Nikafika mwisho, mahali pa kujitaja. Mwenye kushuhudia ni mimi, Faustin. Jina lile la darajani likapita, lilinisalimia tu likapita. Mwana wa Ka-. Na hapo nikakwama. Jina la baba yangu, Kabera, likasimama kooni limekunja mikono.

Niliacha fimbo iende. Sikulisukuma jina. Ukimya ulikuwa mrefu, na mwenye kofia pana alikuwa amekwisha kuegemea mbele kama paka. Kisha likatoka, Kabera, lote, kwa sauti yangu yenyewe. Nikainama na kurudi nyuma.

Yule mzee akasimama. Watu wetu wakajiandaa kutozwa, baadhi walianza kucheka kabla yake. Akavua kofia. Alisema kwa utaratibu, akitazama watu wake na siyo sisi: "Rudilia ile jina, kijana. Bajukuu betu batakaa mu jina iyo. Nataka baisikie muzuri."

Nikasogea tena katikati. Mwana wa Ka-. Na mara hii, mwanangu, lilikwama kuliko la kwanza, kuliko la darajani, kuliko lolote nililowahi kukwama. Nilitazama mbele. Baba mdogo Anastazi alikuwa ameuziba mdomo wake kwa kiganja, amekikaza, machozi yanampita juu ya vidole. Yule mzee alikuwa amesimama na kofia mkononi, hasogei. Wanawake kwenye mikeka, vijana waliopanda ukutani, wapishi waliotoka na miiko yao, watu wa pande zote mbili waliokuwa wakidakiana maneno tangu asubuhi, wote walikaa kimya wakaningoja. Hakuna aliyecheka na hakuna aliyenisaidia. Nilisema jina la baba yangu mbele yao, na nililisema mimi.

Vigelegele vilianzia kwenye mkeka wa shangazi. Mlango ukafunguliwa kabla mtu hajamwita Vumilia, akatoka akitembea kuelekea kwangu badala ya kwa bwana wake, na ilibidi wamgeuze.

Mwanangu, nimesifu ng'ombe katika nyua nyingi tangu siku ile, mpaka Bukavu wananiita. Watu husema Faustin anatiririka. Hawajui kwamba nikifika nyumbani bado naomba chumvi kwa awamu. Nasaha yangu kwako ni hii. Kazi yoyote unayoipenda, iwe ya ulimi, ya mkono au ya kitabu, ipatie mwendo wake na usiukate. Usiikimbize ili watu wakuone hodari, wala usiiache siku inapokuwa nzito na kimya, maana umefika karibu. Maji ya mpunga kule Muganza hupita shamba hadi shamba bila kelele, na ndiyo yanayolisha watu. Ya mvua kubwa hupita kwa fahari na kubeba matuta.

Na la pili, ambalo naliona kubwa kuliko la kwanza. Ukimkuta mwenzako katikati ya neno lake, au ya kazi yake, au ya huzuni yake, usimmalizie. Keti. Hata kama unalijua neno, hata kama una haraka, hata kama moyo unakuuma kwa huruma. Mwendo wa mtu ni wake, na heshima kubwa unayoweza kumpa ni muda wako. Mimi nilipewa heshima hiyo na mwanamke mmoja kwenye mkeka, kisha na ua mzima, na sijaona zawadi ya kuifikia.

Mungu akujalie ng'ombe wenye maziwa na mkono usiochoka kuyasuka. Akupe maneno kwa wakati wake. Na jina la baba yako litakapokuwa zito kinywani mwako, akuweke mbele ya watu wenye subira ya kulisikia lote.